Baada ya Kuhesabu Mizani

Karibu kila mtu aliyesoma Kiswahili katika shule za sekondari za Kenya na Tanzania anaweza kuliandika jibu hili bila kulirudia shairi mara ya pili: shairi lina beti saba, kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili, kila kipande kina mizani nane, vina vya kati na vya mwisho vinatiririka, kituo kinabadilika, kwa hiyo ni tarbia. Jibu hilo ni sahihi na hupewa alama zake. Lakini lingefaa pia kwa maelfu ya mashairi mengine, ya mapenzi na ya msiba, ya kumsifu kiongozi na ya kumlaani dhalimu. Maelezo yanayolifaa kila shairi hayajaeleza shairi lolote. Hoja ya makala haya ni kwamba vina, mizani na mpangilio wa beti ni kazi ya sauti, na sauti hiyo inashiriki kujenga maana. Kwa sababu hiyo uchambuzi wa umbo huanza pale hesabu inapokwisha, msomaji anapouliza: umbo hili linafanya nini katika shairi hili, ambacho umbo jingine lisingekifanya?

Hata hivyo hesabu haiepukiki, na wengi huikosea mapema kwa sababu huhesabu kwa macho. Mizani ni silabi, na silabi huhesabiwa kwa kutamka. Neno “ndege” lina silabi mbili, maana nd hutamkwa pamoja na irabu inayoifuata. “Nchi” nayo ina silabi mbili, lakini kwa sababu nyingine: n yake inasimama peke yake kama silabi kamili. “Mtoto” ina tatu, “mwana” ina mbili. Kina ni silabi inayofanana mwishoni mwa vipande, na mapokeo yanadai silabi nzima ifanane, konsonanti pamoja na irabu. Ka na ka ni vina, ka na ta si vina. Kipande cha kwanza cha mshororo huitwa ukwapi, cha pili utao, na mshororo wa mwisho wa ubeti ni kituo. Ubeti wa mishororo mitatu ni tathlitha, wa minne tarbia, wa mitano takhmisa. Kanuni za namna hii zilikuwa vinywani na masikioni mwa malenga kwa karne nyingi kabla Kaluta Amri Abedi hajazipanga katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kitabu hicho kiliwasaidia wengi kujifunza kutunga. Tatizo limekuja baadaye, kanuni za mtunzi zilipogeuzwa kuwa orodha ya mchambuzi. Mtunzi anazihitaji ili ajenge. Mchambuzi anayezitaja tu anaeleza vifaa vya ujenzi, nyumba haijui.

Chukua swali moja ambalo orodha hiyo hailigusi: kwa nini kina cha Kiswahili kikae kwenye silabi ya mwisho? Katika lugha yetu mkazo wa neno, isipokuwa maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika “begani” mkazo uko kwenye ga, na ile ni ya mwisho hutamkwa kwa wepesi. Kina cha Kiingereza huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno, kwa hiyo kinasikika hata mtu akisema kwa kawaida. Sisi tumekiweka kina chetu pale ambapo sauti ya maongezi inafifia. Lingekuwa jambo la kushangaza kama mashairi haya yangetungwa ili yasomwe kimya. Lakini yalitungwa yaghaniwe na kuimbwa, na katika mahadhi silabi ya mwisho wa kipande ndiyo inayovutwa na kushikiliwa. Mahadhi huipa nguvu silabi ambayo maongezi yaliinyima. Ndiyo maana shairi ambalo kwenye karatasi linaonekana kuwa na vina vya kawaida kabisa linaweza kuwasisimua watu likighaniwa harusini au msibani. Anayechambua vina bila kufungua kinywa anapima kitu ambacho hajakisikia.

Kuna jambo la pili linalotokana na maumbile ya lugha. Kiswahili kina irabu tano tu, na silabi zake nyingi mno huishia kwa irabu. Isitoshe, viambishi vyetu hujirudia kila mahali: -ni ya mahali, -wa ya kutendwa, -sha ya kusababisha, -na ya kutendana. Hivyo kupata kina si kazi ngumu. Mtu asiye na kipaji chochote anaweza kupanga maneno ishirini yanayoishia -ni kabla chai haijapoa. Ikiwa kina ni rahisi kupatikana, basi kuwapo kwake hakuthibitishi ustadi, na kukitaja si kusifu wala kukosoa. Ustadi uko kwingine: ni maneno gani yaliyokutanishwa na kina hicho, yanahusianaje kimaana, na kina kinabadilika lini. Hapo ndipo macho na masikio ya mchambuzi yanapopaswa kwenda.

Utenzi unalionyesha hili vizuri. Ubeti wake wa kawaida una mishororo minne mifupi, kila mmoja wa mizani nane. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, ambacho hubadilika ubeti hadi ubeti. Wa nne una kina chake, ambacho hurudi mwishoni mwa kila ubeti hadi utenzi umalizike. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani, una beti zaidi ya elfu moja za namna hiyo. Katika miswada ya kale ya tenzi, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ilikuwa kawaida ubeti mzima kuandikwa katika mstari mmoja, na vipande vyake vinne kutenganishwa kwa alama. Jicho lilipewa mstari mmoja. Sikio lilipata mishororo minne. Na kile kina kinachorudi kina kazi yake: kinamwarifu msikilizaji kwamba wazo moja limefungwa na jingine linakuja, jambo la lazima katika kisa kirefu kinachosikilizwa bila kitabu mkononi. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake wa wosia kwa binti yake mwaka 1858, kipimo hicho kilimfaa kwa sababu nyingine. Nasaha iliyokatwa katika mizani nane, ikafungwa kwa sauti ileile kila mara, hukaa kichwani mwa msichana na humrudia akiwa kazini. Umbo ni lile la Tambuka, lakini kwa Mwengo linasukuma masimulizi na kwa Mwana Kupona linahifadhi mafundisho. Anayeandika “ni utenzi wa mizani nane” kuhusu kazi zote mbili na kunyamaza ameikosa tofauti yao.

Ili hoja isibaki hewani, tuuchambue ubeti mmoja, uliotungwa kwa ajili ya makala haya:

Mkulima kaamka, na jembe lake begani,
Wingu jeusi lafika, latanda juu angani,
Upepo ukalishika, ukalitupa majini,
Jembe likae ghalani? Mwaka huu tule nini?

Hesabu inatoa majibu haraka. Mishororo ni minne, kila kipande kina mizani nane, na jumla ya kila mshororo ni kumi na sita. Vina vya kati katika mishororo mitatu ya kwanza ni ka, vya mwisho ni ni; katika kituo, ni imeingia ukwapi na kubaki utao pia. Jibu la mtihani lingeishia hapo. Sasa tuulize kazi. Vipande vyote vitatu vya ukwapi vinavyoishia ka vinamalizika kwa kitenzi: kaamka, lafika, ukalishika. Upande wa kushoto wa ubeti ni upande wa matukio, na sauti ka inayagonga moja baada ya jingine: mtu anaamka, wingu linafika, upepo unalishika. Upande wa kulia, kila utao unaishia mahali: begani, angani, majini. Kwa hiyo kina kimegawa kazi, huku tukio na kule mahali, na matumaini ya mkulima yanahama kutoka bega lake hadi mbinguni hadi baharini, mbali naye zaidi kila mshororo.

Kisha kinakuja kituo, na hapo ka inatoweka. Hakuna tukio tena. Sikio lililozoea pigo la ka mara tatu linapokea ni mahali pasipo pake, na mabadiliko hayo ya sauti yanakuja wakati uleule ambapo msimuliaji anaacha kusimulia na kuanza kuuliza. Jembe lililokuwa begani katika mshororo wa kwanza linaelekea kukaa ghalani katika wa mwisho. Safari ya mkulima imerudi nyuma. Na ile ni iliyotaja mahali mara nne inafika kwenye neno “nini”, ambalo halitaji mahali popote. Kina ni kilekile, kazi yake imegeuka: kilikuwa kinajibu swali la “wapi” na sasa chenyewe ni swali lisilo na jibu. Hata inkisari, yaani ufupishaji wa neno, ina lake. “Kaamka” kimefupishwa kutoka “akaamka”, ambacho kingezidisha mizani moja. Ufupisho huo unaokoa kipimo, lakini pia unauanzisha ubeti kwa haraka, kama asubuhi ya mtu mwenye kazi. Jaribu kukibadilisha kituo, mshororo ufungwe kwa kumwomba Mungu, na vina vibaki ka na ni kama juu. Mizani itatimia, vina vitatiririka, orodha ya mtihani haitaona tofauti yoyote. Lakini mgeuko utakuwa umepotea, na ubeti utabaki taarifa ya hali ya hewa iliyopangwa vizuri. Jaribio hili la kubadili sehemu moja na kusikiliza kinachopotea ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kujua umbo linafanya nini.

Njia hiyo inafaa pia kwa zile bahari, yaani aina za mashairi, tunazozikariri kwa majina. Katika msuko kituo ni kifupi kuliko mishororo iliyotangulia. Pumzi iliyojiandaa kwa mizani kumi na sita inakatwa njiani, na neno linaloangukia hapo linabeba uzito ambao halikuwa nao kwenye kamusi. Katika pindu, maneno yanayomaliza ubeti huanzisha ubeti unaofuata, na shairi linaweza kujenga hoja ambayo kila hatua yake inatokana na iliyotangulia, au kumwonyesha mtu aliyenaswa katika wazo lisilomwachia. Katika ukara kina cha upande mmoja hudumu shairi zima na cha upande mwingine hubadilika, kwa hiyo mtunzi anaweza kuweka jambo lisiloyumba kando ya mambo yanayopita. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, inayotafakari kuanguka kwa fahari ya Pate, inakwenda kwa mishororo ya mizani kumi, mwendo tofauti na ule wa shairi la Muyaka bin Haji wa Mombasa ambalo mishororo yake ina nusu mbili zinazokabiliana. Muyaka, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alilitumia shairi kwa siasa, mabishano na mambo ya mitaani, na mshororo uliogawika katikati unafaa sana kwa kazi hiyo: upande mmoja hutoa dai, wa pili hulitia nguvu au hulipindua.

Mapokeo ya kujibizana yanathibitisha kwamba umbo si pambo. Malenga akitupiwa shairi alitarajiwa kulijibu kwa bahari ileile, na mara nyingi kwa vina vilevile. Kipimo kilikuwa uwanja wa pamoja ambamo mshindani hakuweza kujificha. Aliyeshindwa kujibu ndani yake alikuwa ameshindwa. Abdilatif Abdalla aliuendeleza utaratibu huo katika Sauti ya Dhiki, diwani iliyotoka mwaka 1973 yenye mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni nchini Kenya na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Katika shairi lake la Mnazi, ndugu wawili wanagombania mti, na wote wawili wanazungumza kwa kipimo kimoja. Wanatofautiana katika haki, hawatofautiani katika lugha, na hilo linaufanya ugomvi wao kuwa mchungu zaidi: hawa ni watu wa nyumba moja. Huwezi kuliona jambo hilo kama umeziona mizani kuwa ni takwimu tu.

Kuna mapingamizi yanayostahili kujibiwa kwa haki. La kwanza linasema kwamba mshairi wa mapokeo hakuchagua umbo, alilirithi. Kama tarbia ya mizani kumi na sita ndiyo desturi, basi kuitumia hakusemi lolote, sawa na kuandika kutoka kushoto kwenda kulia. Pingamizi hili ni zito, na sehemu yake ni kweli: kule kuchagua tarbia peke yake mara nyingi hakuna maana ya pekee. Lakini desturi ndiyo inayompa mshairi matarajio ya kuchezea. Kwa sababu sote tunangoja kituo kifunge wazo, kituo kinachokataa kulifunga kinatushtua. Kwa sababu tunangoja sentensi itulie mwishoni mwa ukwapi, sentensi inayoruka mpaka huo na kumwagika katika utao inasikika kama mtu aliyeshindwa kujizuia. Kadiri umbo linavyokuwa la wote, ndivyo tendo dogo la mtunzi mmoja ndani yake linavyosikika. Mchambuzi basi asiishie kusema shairi liko katika bahari gani. Aseme sentensi za shairi hili zinakaaje ndani ya bahari hiyo.

Pingamizi la pili linatoka upande wa mashairi huru. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mjadala mkali uliwagawa waliosema kwamba tungo bila vina na mizani si shairi na waliosema kwamba kanuni hizo zimekuwa pingu. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi nao walitetea upana wa ushairi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, mwaka 1979. Mtu anaweza kusema: kama Kezilahabi ameweza kututikisa bila vina, vina vina umuhimu gani? Jibu ni kwamba shairi huru limeacha kipimo cha pamoja, halijaacha umbo. Mtunzi wake anaamua kila mshororo ukatwe wapi, neno gani lirudiwe, wapi pawe na ukimya. Pasipo desturi ya kumwamulia, kila mkato ni uamuzi wake na unadai maelezo. Na hapa udhaifu wa uchambuzi wa hesabu unajianika: akipewa shairi huru, mwanafunzi aliyefunzwa kuhesabu tu anaandika kwamba halina vina wala mizani, kisha hana la kuongeza. Aliyefunzwa kuuliza umbo linafanya nini anaendelea kufanya kazi ileile, kwa sikio lilelile. Mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko ulihusu namna ya kutunga. Katika namna ya kusoma, pande zote mbili zinahitaji jambo moja.

Pingamizi la tatu ni la tahadhari: je, hatutamzulia mshairi maana asizozikusudia? Hatari ipo. Si kila kina kina siri, na si kila inkisari imebeba falsafa. Nyingine zimewekwa ili mizani zitimie, basi. Lakini hilo ni sababu ya kuchambua kwa makini zaidi, na si sababu ya kuacha. Uchambuzi unaouliza kazi ya umbo ndio pekee unaoweza kusema kwa ushahidi kwamba neno hili limeletwa kwa nguvu ili lipatikane kina, au kwamba mazida hii imerefusha neno bila faida. Hesabu humkamata mtunzi wa guni tu, yaani aliyekosea mizani au vina. Haimkamati yule aliyetimiza kila kanuni na kutoa shairi lisilo na uhai, na watunzi wa aina hiyo ni wengi. Ulinzi dhidi ya kuzua maana ni ushahidi wa ndani ya ubeti: maneno yaliyokutanishwa, mahali kina kinapobadilika, na lile jaribio la kubadili na kusikiliza. Dai lisiloweza kuonyeshwa humo liachwe.

Walimu watasema, na wana haki, kwamba hesabu ni rahisi kusahihisha na darasa lina wanafunzi wengi. Hakuna anayewataka waiache; mtoto asiyejua kwamba “nchi” ni mizani mbili hawezi kufika mbali. Kinachotakiwa ni swali moja la nyongeza. Baada ya “bainisha vina na mizani za shairi hili”, mtihani uulize: taja mahali pamoja ambapo vina au mizani vinabadilika au vinasisitiza jambo, ueleze ubeti ungepoteza nini kama mahali hapo pangekuwa vingine. Swali hilo lina majibu yanayoweza kupimwa kwa ushahidi, na halijibiki kwa kukariri. Msomaji wa nyumbani naye anaweza kujiuliza vivyo hivyo akiwa na diwani mkononi, mradi asome kwa sauti, mara ya kwanza kwa mwendo wa maongezi, mara ya pili akivuta silabi za mwisho. Tofauti kati ya usomaji huo wa kwanza na wa pili ndiyo kazi ya mshairi, na kuieleza ndiyo kazi ya mchambuzi.